Barua ya Ajira Ina Jina Moja, Safari Ina Watu Saba



Ndugu msomaji, wiki hii tunaufungua ukumbi wetu wa familia kwa barua ya mwalimu mmoja kutoka mkoa wa Tanga. Ameomba tusimtaje jina. Barua yake ilikuwa ndefu, nami nimeifupisha bila ya kuigusa maana. Anaandika:

"Ustadh, mimi ni mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya serikali, na mwaka huu natimiza miaka 13 kazini. Mke wangu ni muuguzi wa serikali mwenye miaka tisa kazini. Tuna watoto wanne: binti yetu mkubwa yuko kidato cha tatu, wa pili darasa la sita, wa tatu darasa la pili, na kitinda mimba ana miaka mitatu. Mama yangu mzazi, ambaye ana kisukari, anaishi nasi. Mwezi uliopita nilipokea barua mbili za kazi. Ya kwanza inatoka shule binafsi ya Riyadh: riyali 7,500 kwa mwezi, chumba cha mwalimu mmoja, tiketi ya ndege kila mwaka, mkataba wa miaka miwili. Ya pili inatoka shule ya Muscat: riyali 550 za Oman kwa mwezi, nyumba ya familia, na ada ya watoto wawili italipwa na shule. Rafiki zangu wote wanasema niende Riyadh, kwa kuwa mshahara ni mkubwa. Mke wangu hajapinga. Nimepewa siku 14 za kujibu. Naomba ushauri wako."

Mwalimu mwenzangu, kwanza nakupongeza. Kutafutwa na shule mbili za nje ni ushahidi kwamba umeifanya kazi yako kwa bidii na kwamba somo lako lina wahitaji. Wala sitakuambia ubaki kwa sababu tu kubaki ni salama. Watu wa mwambao wetu hawakuanza leo kuvuka bahari kutafuta riziki ya halali, na huko Muscat utawakuta watu wengi wenye asili ya Zanzibar ambao ukiwasalimu kwa Kiswahili watakujibu kwa Kiswahili. Safari yenyewe haina aibu. Ninaloliogopa ni kwamba wewe na rafiki zako mmeisoma barua moja kwa namba yake ya juu, ilhali barua ya ajira ya mtu mwenye watoto huanza kusomwa kutoka chini.

Tuihesabu namba ya juu

Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango cha riyali 3.75 kwa dola moja. Riyali 7,500, basi, ni dola 2,000. Riyali moja ya Oman ni takriban dola 2.60, kwa hiyo riyali 550 ni kama dola 1,430. Kwa mtazamo huo Riyadh imeizidi Muscat kwa dola 570 kila mwezi, na rafiki zako wanaonekana wana haki.

Sasa tuwaweke watu ndani ya hesabu. Tangu Julai 2017 serikali ya Saudia imeweka tozo kwa kila mtegemezi wa mfanyakazi mgeni. Ilianza kwa riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtu, ikapanda kila mwaka, na kufikia mwaka 2020 ilikuwa riyali 400. Mke na watoto wanne ni watu watano. Watano mara 400 ni riyali 2,000 kwa mwezi, sawa na riyali 24,000 kwa mwaka, na fedha hizo hudaiwa mapema, wakati wa kuhuisha ikama, yaani kibali cha ukaazi. Barua yako ya Riyadh haisemi kwamba mwajiri ataibeba tozo hiyo. Ukiitoa, mshahara wa 7,500 unabaki 5,500, ambao ni kama dola 1,466. Ile tofauti ya dola 570 imebaki dola 36.

Na bado hatujapanga nyumba. Shule imekupa chumba cha mwalimu mmoja, na chumba hicho hakiwezi kulaza watu sita. Wala hatujalipa ada. Watoto wa wageni wanaosomeshwa kwa Kiingereza katika miji ya Ghuba kwa kawaida husoma shule za kulipia, nawe una watatu waliokwisha kufikia umri wa shule. Muscat imekupa nyumba na ada ya wawili. Utakaposhika kalamu na kuandika kodi ya nyumba ya familia ya Riyadh na ada ya watoto watatu, utaona mwenyewe kwamba barua yenye mshahara mdogo ndiyo yenye fedha nyingi zaidi, kwa familia inayokwenda pamoja.

Riyadh inaishinda Muscat kwa sharti moja tu: kwamba unakwenda peke yako. Barua ile iliandikiwa kapera, au mtu aliyekubali kuishi kama kapera kwa miaka miwili. Kwa hiyo swali lako la kweli si Riyadh au Muscat. Swali ni hili: je, unahama na nyumba yako, au unaiacha? Likijibiwa hilo, barua zitajichagua zenyewe.

Niliyoyaona mwenyewe

Mimi nililijibu swali hilo bila ya kujua kwamba nimeulizwa. Nilipokuwa na umri kama wako nilikwenda kufundisha katika mojawapo ya miji ya Falme za Kiarabu, peke yangu, kwa mkataba wa miaka miwili. Mshahara ulikuwa dirhamu 6,000, nami niliishika namba hiyo kama mtu aliyeshika kamba ya mashua. Sikusoma mstari uliofuata, uliosema kwamba mshahara wa msingi ni dirhamu 2,400 na kilichobaki ni posho. Sheria ya huko humpa mfanyakazi kiinua mgongo cha siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, lakini kwa mshahara wa msingi peke yake. Nilikuwa nimejihesabia dirhamu 8,400 za kumalizia nyumba. Nilipomaliza mkataba nililipwa 3,360. Hakuna aliyenidhulumu, karatasi ilisema hivyo tangu siku ya kwanza, na saini iliyokuwa chini yake ilikuwa yangu.

Hasara ya fedha niliisahau baada ya mwaka mmoja. Ya pili sijaisahau. Nilipoondoka, mwanangu wa mwisho alikuwa na umri kama wa kitinda mimba wako. Niliporudi alijificha nyuma ya kanga ya mama yake, na jioni nikamsikia akiuliza jikoni: "Huyu mgeni ataondoka lini?" Mke wangu akacheka ili nisione haya. Ilichukua muda mrefu kabla ya mtoto yule kukubali nimsaidie kazi za shule, mimi niliyekuwa nimesaidia watoto wa watu kwa miaka miwili.

Sisemi kwamba kila anayekwenda peke yake hurudi hivyo. Wapo waliokwenda kwa sababu hakukuwa na njia nyingine, wakasomesha, wakajenga, na nyumba zao zikasimama imara. Lakini walikuwa wamekubaliana na wake zao muda, sababu na namna ya kuwasiliana, na walijua gharama yake kabla ya kuondoka. Sheria ya kazi ya Saudia inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 kwa mwaka. Walimu huongezewa na kalenda ya shule, lakini kiasi gani hutegemea mkataba. Zihesabu siku ambazo utakuwa nyumbani katika miaka hiyo miwili, uziandike kando ya mshahara.

Unachokiacha nacho kina thamani

Kuna safu ya pili ya hesabu ambayo watu wengi huiruka, nayo ni ya vitu wanavyoviacha. Umesema una miaka 13 kazini. Hiyo ni miezi 156 ya michango katika mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma. Sharti la kustahiki pensheni ya kila mwezi ni michango isiyopungua miezi 180. Mwalimu, umebakiza miezi 24. Mkataba wa Riyadh nao ni wa miezi 24. Sijui kama umeziona namba hizi mbili zikitazamana.

Kwa mkataba wa miaka miwili, sheria ya Saudia itakupa kiinua mgongo cha nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka, yaani mshahara wa mwezi mmoja kwa yote mawili. Ukiacha kazi kwa hiari yako kabla ya kutimiza miaka miwili, hupati kitu. Iweke fedha hiyo ya mwezi mmoja upande mmoja wa mizani, na upande wa pili uweke pensheni ya uzeeni, kisha uamue ukiwa unajua. Nenda ofisi ya mfuko ukaulize kwa maandishi: nikiacha kazi leo, michango yangu itakuwaje? Muulize na mwajiri wako kama unaweza kupewa likizo bila malipo, na kama muda huo utahesabiwa au hautahesabiwa. Usiridhike na jibu la mtu aliyesikia kwa mtu.

Mkeo naye ana miaka tisa, yaani miezi 108. Ukihama naye, ajira yake inakatika katikati ya njia. Viza ya mtegemezi haimpi ruhusa ya kufanya kazi. Muuguzi anahitaji kibali chake mwenyewe na leseni ya mamlaka ya afya ya nchi husika, ambayo ina uhakiki wa vyeti na mtihani. Kwa hiyo katika hesabu ya Muscat uutoe mshahara wake wa sasa, angalau kwa mwaka wa kwanza. Wanaume wengi huhesabu mshahara mpya wa mume na kusahau mshahara wa mke unaozimika.

Mama yako. Kama anatibiwa kwa kadi ya bima ya afya iliyotokana na ajira yako, siku ajira inapokoma, kadi nayo inakoma. Dawa za kisukari ni za kila siku na hazingoji mshahara wa kwanza wa ughaibuni. Nani atampeleka kliniki, na kwa bima ipi? Unajua vyema kwamba Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alipojiwa na mtu aliyetaka kwenda jihadi alimuuliza kwanza kama wazazi wake wako hai, kisha akamwelekeza kwao. Sikutajii hili kukufunga miguu. Nalitaja kwa sababu katika barua yako yote mama ametajwa mara moja tu, kama mtu anayeishi nanyi, wala hukuniambia yeye amesema nini.

Na binti yako. Kidato cha tatu na cha nne ni safari moja ya miaka miwili yenye mtihani wa taifa mwishoni. Shule nyingi za Ghuba zinazofuata mtaala wa Kiingereza zina safari yao kama hiyo, nayo ni ya miaka miwili vilevile. Kumtoa mtoto katikati ya moja na kumwingiza katikati ya nyingine ni kumpandisha basi linalokimbia. Akimaliza huko na kutaka kuendelea hapa, cheti chake kitahitaji kulinganishwa na Baraza la Mitihani. Jambo hilo linawezekana, lakini lazima lijulikane mapema. Wadogo zake wana nafasi zaidi ya kuzoea. Yeye muda wake ni mdogo.

"Mke wangu hajapinga"

Mwalimu, katika barua yako yote sentensi iliyonisimamisha ni hii. Kutopinga si kushauriana. Mwanamke anayemwona mumewe amefurahi, ndugu wamekwisha kumpongeza na rafiki wamekwisha kuchagua mji, atapinga kwa mlango upi? Atanyamaza, nawe utakihesabu kimya chake kuwa ndiyo.

Tazama Suratul-Baqara, aya ya 233. Wazazi wanapotaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili kutimia, Mwenyezi Mungu ameliwekea hata jambo hilo masharti mawili: ridhaa ya wote wawili na mashauriano baina yao. Ikiwa ziwa la mtoto mmoja lina mashauriano, vipi kuihamisha nyumba nzima, au kuitenganisha kwa miaka miwili?

Basi keti naye usiku mmoja, watoto wakiwa wamelala na simu zikiwa mbali. Usimuulize, "Unakubali?" Muulize: "Wewe ungekuwa ndiye uliyepata barua hizi, ungefanya nini? Unaogopa nini? Nini kitakuelemea nikiwa sipo?" Kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Kesho yake mketi na mama. Kesho kutwa mwite binti yako, naye ni mkubwa wa kutosha kusema neno lake. Istikhara ina mahali pake, nayo huja baada ya mtu kuuliza na kuhesabu. Anayeswali istikhara bila ya kuusoma mkataba ameacha sehemu ya kazi aliyopewa yeye kuifanya.

Ya kuandikia shule kabla ya siku 14 kwisha

Siku 14 usizitumie kwa kuhangaika. Zitumie kwa kuuliza, na maswali yako yote yaende kwa barua pepe ili majibu yabaki. Shule yenye nia njema haikasirikii maswali ya mwalimu mwenye familia. Huyapokea kila mwaka.

Waulize mshahara wa msingi ni kiasi gani na posho ni kiasi gani. Waulize ada ya mtoto wa tatu, na kama ahadi ya ada itaendelea mwaka wa pili. Waulize bima ya afya inawahusu watu wangapi, tiketi za mwaka ni ngapi, na gharama za viza za familia analipa nani. Muda wa majaribio ni wa miezi mingapi? Ni busara mwalimu kuupita muda huo kwanza, ndipo familia imfuate. Omba mkataba kamili, pamoja na nakala ya Kiarabu, umpe mtu mwenye kuijua lugha hiyo sawasawa akusomee. Pakitokea mgogoro, maandishi ya Kiarabu ndiyo yatakayotazamwa. Hakikisha kazi itakayoandikwa katika viza na kibali ni ualimu, kwa kuwa haki ya kuleta familia huweza kutegemea kazi iliyoandikwa humo. Na usikubali kusafiri kwa viza ya matembezi kwa ahadi kwamba "mambo yatabadilishwa ukifika."

Kama kuna wakala katikati, mhakiki kwanza kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA. Akikudai fedha ili akupe kazi, jitenge naye. Sheria ya Saudia inamtwika mwajiri gharama za kumleta mfanyakazi, za ikama na kibali cha kazi, na tiketi ya kumrudisha kwao mkataba unapokwisha.

Rai yangu

Umeniomba ushauri, nami sitaki kukuacha na maswali matupu. Kwa niliyoyasoma, Riyadh kwa masharti yale ningeiacha. Itakutenga na mke, na mama mgonjwa na binti aliye karibu na mtihani, katika miezi ileile 24 inayokufikisha kwenye pensheni. Mshahara wake ni mkubwa kwa sababu umewaacha watu sita nje ya barua.

Muscat ningeiandikia kwa adabu, nikashukuru, nikawaeleza hali yangu bila ya kuficha, na kuwaomba mambo mawili: ada ya mtoto wa tatu, na ruhusa ya kuanza baada ya binti kumaliza kidato cha nne. Huenda wakakataa. Shule ina ratiba yake, haiwezi kumngoja kila mtu. Wakikataa, utakuwa umepoteza nafasi moja, na hilo litauma, sitakudanganya. Lakini baada ya miezi 24 utakuwa bado mwalimu wa hisabati na fizikia, mwenye uzoefu wa miaka 15, mwenye pensheni iliyokwisha kustahiki, na binti mwenye cheti mkononi. Tumia muda huo kuhakiki vyeti vyako na kujifunza mtaala wao, na mkeo ajiandae kwa mtihani wa leseni ya huko kama naye atapenda. Mtakapotuma maombi tena, yatakuwa ya watu wawili wenye taaluma zao.

Na iwapo baada ya kushauriana kwa kweli, wewe na mkeo na mama mtaona kwamba haja ya fedha ni kubwa kuliko yote niliyoyataja, nendeni mtakakokubaliana, na msinione kuwa nimewakataza. Hali za nyumba hazifanani, na wenye nyumba ndio wanaojua pa kuvuja. Ninachokuomba ni kwamba saini yako isitangulie mazungumzo hayo. Barua ina jina lako peke yako, lakini watakaoiishi ni watu saba.

Tuandikie utujulishe mlivyoamua. Mwenyezi Mungu akufungulie lenye kheri na wewe na watu wako.

Wabillahi tawfiq.